"No tocas" au "no toques"? Kukataza kwa Kihispania kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwongoza watalii hapa Unguja na siku hizi napata wageni wengi wanaozungumza Kihispania. Nimejifunza kwa kusikiliza tu. Kuamrisha najua: *mira* (tazama), *espera* (subiri), *come* (kula). Shida yangu ni kukataza. Juzi tukiwa kwenye msitu wa Jozani mgeni mmoja alinyoosha mkono amguse kima punju, nikamwambia "¡No tocas!" Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalize sentensi, mkono bado uko hewani. Mwenzake akanisahihisha kwa upole: "No toques." Baadaye mwingine akaniambia kwamba mimi nilipaswa kusema "no toque", halafu akanionyesha kwenye simu picha ya kibao cha kwao kilichoandikwa "No tocar". Sasa ni ipi? Na kwa nini *toca* igeuke *toques*?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na ulichomwambia yule mgeni, maana jibu lote limejificha humo. *No tocas* si Kihispania kibovu. Ni sentensi kamili, ila maana yake ni "hugusi". Ulimpa habari zake mwenyewe, hukumkataza. Na kwa kuwa *tocar* ni kugusa na pia ni kupiga ala ya muziki, sentensi yako ingeweza hata kuwa "hupigi", akabaki kusubiri asikie unataja gitaa au piano. Ndiyo maana mkono haukushuka.

Sasa chukua kalamu uandike maneno matatu ya kwetu: gusa, hugusi, usiguse. Tazama mwisho wa kila moja. La kwanza linaishia -a, la pili -i, la tatu -e. Mabadiliko hayo hukuyakariri popote, ulikua nayo mdomoni. Ukimsikia mtu anasema "usigusa", unajua papo hapo kwamba Kiswahili amekikuta ukubwani. Ubavuni mwa maneno hayo andika matatu ya Kihispania kwa mpangilio uleule: *toca*, *no tocas*, *no toques*. Amri inaishia -a. Katazo linaishia -e, na s nyuma yake. Kihispania kinafanya jambo ambalo wewe unalifanya mara mia kwa siku, na nimeona darasa baada ya darasa wanafunzi wakilikariri kama ugeni wakati wangeweza kulitambua kama ndugu.

Kufanana hakuishii kwenye irabu. Kwenye "gusa" hakuna alama inayoonyesha unasema na nani, nafsi imejificha. Ukikataza, nafsi inarudi: *u*-si-gus-e. Kihispania nacho, *toca* haina ile -s ya "wewe" uliyoizoea kwenye *tocas*, *hablas*, *comes*. Ukikataza, -s inarudi: *no toques*. Kwetu alama ya nafsi iko mwanzoni mwa kitenzi, kwao iko mwishoni, lakini mchezo ni mmoja.

Na tazama tena umbo hili linafanya kazi gani nyingine. Sisi tunasema "usiguse", lakini pia "naomba usiguse", "nataka uguse", "afadhali uguse". Ni -e ileile, ile ambayo vitabu vyetu vya sarufi vinaiita hali tegemezi: jambo linatakwa, linaombwa au linakatazwa, halielezwi kama lililopo. Kihispania wanaiita *subjuntivo*. *Quiero que toques*, nataka uguse. *Te pido que no toques*, nakuomba usiguse. Hawana umbo la pekee kwa ajili ya kukataza, wanalichukua hili la kuomba na kutaka na kuliwekea *no* mbele. Kwa hiyo ukishika makatazo vizuri leo, umeshika nusu ya sura ambayo wanafunzi wengi huiogopa kuliko zote.

Nisije nikakupotosha: lugha hizi mbili si ndugu. -e yetu imetoka kwenye Kibantu cha kale, na utaisikia katika lugha nyingi za Kibantu. -e yao imetoka Kilatini, ambako *cantat* ilikuwa "anaimba" na *cantet* ikawa "aimbe". Zimekutana kwa sadfa. Lakini sadfa ikikuletea mzigo mlangoni, upokee.

Sasa tufike pale Mswahili anapoteleza, tena anateleza kwa sababu ya huo huo msaada. Kwetu njia ni moja: -a inakwenda -e. Kihispania wana makundi matatu ya vitenzi, vinavyoishia *-ar*, *-er* na *-ir*, na kwenye kukataza makundi hayo yanabadilishana viti. La *-ar* linachukua e. Ya *-er* na *-ir* yanachukua a.

hablar (kusema): *habla*, sema, *no hables*, usiseme
comer (kula): *come*, kula, *no comas*, usile
subir (kupanda): *sube*, panda, *no subas*, usipande

Huo mstari wa pili na wa tatu ndio wa kukaa nao. Sikio la Mswahili limezoea kwamba katazo linaishia -e, hivyo akitaka kusema "usile" anatamka *no comes* kwa moyo mkunjufu kabisa. Kumbe *no comes* ni "huli". Mwanafunzi wangu mmoja, mpishi hodari, alikuwa akimwambia rafiki yake Mhispania mwenye mzio wa karanga *no comes esto* kila alipompikia, naye rafiki akawa anajibu *¿no?*, kwa mshangao, akidhani anaambiwa kwamba huwa hali. Ilichukua siku kadhaa wote wawili kuelewa. *No comas esto*: usile hiki. Irabu moja tu, na hapo ilikuwa irabu ya kumlinda mtu.

Kwa hiyo usijiulize "je, inaishia -e?" Jiulize "je, kwa Kiswahili ningesema usi-?" Kama ndiyo, geuza irabu: penye a weka e, penye e weka a. Nasisitiza usi- kwa sababu nyingine pia. Vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu havionyeshi mabadiliko yoyote mwishoni. Usisahau, usijibu, usikubali: mwisho umebaki ulivyo. Ukiufuata mwisho wa neno la Kiswahili utapotea. Ukiifuata usi- hupotei: *no olvides*, *no contestes*, *no aceptes*. Vyote vitatu ni vya *-ar*, vyote vimekwenda e.

Njia ya kuunda ni hii. Chukua umbo la "mimi" la wakati uliopo: *hablo*, *como*, *subo*. Ondoa -o. Weka irabu iliyogeuzwa, e kwa *-ar*, a kwa *-er* na *-ir*, kisha alama ya nafsi. *Habl-es*, *com-as*, *sub-as*. Unaweza kuuliza kwa nini tupitie kwa "mimi" wakati mzizi ungepatikana kwa *hablar* moja kwa moja. Kwa vitenzi vya kawaida ni kweli, hakuna tofauti. Lakini vile vinavyokwenda ovyo vingi vina siri yao kwenye umbo la "mimi": *digo* (nasema), *hago* (nafanya), *pongo* (naweka), *salgo* (natoka), *vengo* (naja). Ukiondoa -o unapata *no digas*, *no hagas*, *no pongas*, *no salgas*, *no vengas*, bila kukariri hata kimoja peke yake. Tabia ya kuanzia kwa "mimi" inalipa baadaye.

Umbo la "mimi" halikuambii kitenzi ni cha kundi gani, na hapa kuna jozi ninayoipenda kwa sababu inaonyesha jambo lenyewe waziwazi. *Vender* ni kuuza. *Vendar* ni kufunga bendeji. Vyote viwili ni vya kawaida, vyote viwili "mimi" ni *vendo*. Sasa sikiliza: *no vendas* inaweza kuwa "usiuze", ikitoka *vender*, au "hufungi bendeji", ikitoka *vendar*. Na *no vendes* ni "huuzi", au "usifunge bendeji". Maneno yaleyale yamebadilishana kazi kama watu wawili waliobadilishana kofia. Mhispania hachanganyikiwi, kwa sababu anajua kitenzi ni kipi na mazungumzo yanahusu nini. Wewe unayejifunza, usikariri kitenzi bila mkia wake. Daftarini andika *vender*, *tocar*, *abrir*, pamoja na r yake, kila mara.

Nije kwenye *toque*, lile ulilosahihishwa mara ya pili. Hapa swali si kukataza tena, ni unamkataza nani.

*Toques* ni kwa *tú*: rafiki, mtoto, kijana mwenzio. *Toque* ni kwa *usted*, yaani mtu mmoja unayempa heshima. Kiswahili hakina kiwakilishi cha namna hiyo. Heshima yetu iko kwenye shikamoo, kwenye "mzee" na "mama", kwenye sauti. Lakini kuna namna yetu ya kusema itakayokusaidia. Ukiwa mbele ya mkubwa unaweza kusikia mtu akisema "Mheshimiwa asiwe na wasiwasi", anasema na mtu huyohuyo lakini anamtaja kama "yeye". Neno *usted* lilizaliwa hivyohivyo. Zamani lilikuwa *vuestra merced*, kitu kama "hisani yako" au "utukufu wako", likapukutika karne kwa karne mpaka likawa *usted*. Kwa kuwa lilikuwa cheo, kitenzi chake kimebaki cha "yeye", na "yeye" hana -s. Ndiyo sababu ni *no toque*, *no coma*, *no suba*. Ichukue kama "asiguse, asile, asipande", iliyosemwa usoni kwa mtu mwenyewe.

Wakiwa wengi ni *ustedes*, na alama yake ni -n: *no toquen*, *no coman*, *no suban*. Wahispania wa Hispania wakiwa marafiki au familia wanaambizana kwa *vosotros*: *no toquéis*, *no comáis*, *no subáis*. Utasikia wakiitana hivyo ndani ya gari, baba kwa watoto, na ni vizuri uitambue. Amerika ya Kilatini yote *vosotros* haitumiki katika mazungumzo ya kila siku, wanasema *ustedes* kwa kila kundi, hata kwa watoto wadogo. Waargentina nao wana *vos* mahali pa *tú*, na amri yao ina mkazo mwishoni: *tocá*, *comé*. Wakikataza, wengi wanasema *no toques* kama wengine, na baadhi utawasikia wakisema *no toqués*.

Wewe si lazima uyamudu yote hayo. Kwa kazi yako chagua *ustedes* kwa kundi na *usted* kwa mtu mzima mmoja. Hakuna mgeni kutoka Madrid, Bogotá wala Mexico atakayeona umemkosea. Watakuambia wenyewe *tutéame*, yaani nisemeshe kwa *tú*, wakishakuzoea. Aliyekusahihisha kwamba wewe ungesema *no toque* alikuwa sahihi kwa upande huo, na yule wa kwanza, aliyesema *no toques*, alikuwa anasema kama rafiki kwa rafiki yake. Wote wawili walikuwa sawa.

Sasa hilo *qu*. Umeuliza kwa nini *toca* igeuke *toques*, na nadhani macho yako yalishtushwa na herufi zaidi ya irabu. Kanuni ni kwamba sauti haibadiliki, herufi ndiyo inayobadilika kuifuata sauti. Kwetu k ni k popote. Kihispania c ina nyuso mbili: mbele ya a, o, u inasomwa k, mbele ya e na i inasomwa s huko Amerika ya Kilatini, na sehemu kubwa ya Hispania inasomwa kama th ya "thamani". Ungeandika *toces*, ungesomwa "toses" au "tothes", na kugusa kungetoweka. Kwa hiyo wanaandika *qu*, na u haisomwi: *toques* inatamkwa "tokes". Ndivyo ilivyo kwa vitenzi vyote vya *-car*: *buscar* (kutafuta), *no busque*; *sacar* (kutoa), *no saque*; *acercarse* (kusogea karibu), *no se acerque*. Herufi g nayo ina nyuso mbili. Mbele ya e na i inakwaruza kama kh ya "kheri". Ili ibaki laini wanaipachika u: *pagar* (kulipa), *no pague*, inayotamkwa "page"; *llegar* (kufika), *no llegue*. Na z hawapendi kuiandika mbele ya e, wanaweka c: *cruzar* (kuvuka), *no crucen*. Ukisema tu bila kuandika, hayo yote hayakuhusu. Mdomo wako tayari unajua.

Mkazo nao uko upande wako. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la Kihispania linaloishia irabu, n au s, kama halina alama juu, linakazwa papo hapo: TO-ques, TO-quen, CO-man, SU-ban. Ukiyasema kama unavyosema Kiswahili utakuwa umesema sawa. Ya *vosotros*, na ile *toqués* ya baadhi ya Waargentina, ndiyo yenye alama inayoupeleka mkazo mwishoni: *toquéis*, *comáis*.

Kuna jambo hukuliuliza lakini litakukuta kesho: "usimguse", "usikinunue". Vile viambishi vya anayetendewa. Kwenye amri Mhispania anavibandika nyuma ya kitenzi: *tócalo*, mguse, *cómpralo*, kinunue. Kwenye katazo anavihamisha mbele: *no lo toques*, *no lo compres*. Vitabu vinaliwasilisha hili kama kanuni mpya ya kukariri. Lipange hivi:

u – si – ki – nunu – e
no – lo – compr – es

Kikanushi, kitu, mzizi, irabu iliyogeuzwa. Nafsi tu ndiyo imehama, kwetu mwanzo, kwao mwisho. Katazo la Kihispania lina mpangilio unaokaribia wetu kuliko amri yake! Ni amri, *cómpralo*, ndiyo inayotutoa kwenye njia yetu, kwa sababu inaweka kitu nyuma, mahali ambapo sisi hatukiweki. Tena angalia mtego mdogo: kwetu kiambishi cha mtendwa kinaleta -e hata kwenye amri. Tunasema "nunua", lakini "kinunue". Sikio hilo linaweza kukusukuma useme *cómprelo*. Si kosa la kisarufi, ila umetoka *tú* umeingia *usted*. Kwa *tú* amri inabaki na a yake: *cómpralo*. Geuza pale tu unapokataza.

Waliolelewa kanisani wana mfano mzuri wa hili. Katika sala ya Baba Yetu tunasema "usitutie katika kishawishi". Wakatoliki wanaosali kwa Kihispania wanasema *no nos dejes caer en la tentación*, usituache tuanguke kishawishini. Itazame ile sehemu ya mwanzo: *no nos dejes*, u-si-tu-ach-e. *Dejar* ni kitenzi cha kawaida kabisa cha *-ar*, kimekwenda e, *nos* imekaa mbele pale pale ilipokaa "tu" yetu. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa amekata tamaa na viwakilishi. Nilipomwandikia mistari hiyo miwili ubaoni, moja juu ya nyingine, alinyamaza muda, kisha akaanza kuunda za kwake bila kuniuliza: *no me llames*, usinipigie. *No la esperes*, usimsubiri. *No les contestes*, usiwajibu.

Vile vile kwa "ji". *No se acerquen*: m-si-ji-sogez-e. *Se* ni "ji" yetu, na iko mahali pa "ji" yetu. Kwa *tú* inakuwa *te*: *no te levantes*, usiinuke. Na lile neno ambalo bila shaka umelisikia kutoka kwa kila Mhispania uliyemwomba radhi kwa kuchelewa, *no te preocupes*, usijali, ndilo hilihili: *preocuparse*, cha *-ar*, kimekwenda e. Ulikuwa unalijua katazo kamili kabla hujajua kanuni. Kwa mzee sema *no se preocupe*.

Kibao cha "No tocar". *Tocar* hapo ni kitenzi kisicho na nafsi, "kugusa", kama vibao vyetu vinavyosema "Hakuna kupiga honi" au "Hairuhusiwi kuvuta sigara". Hakisemi na mtu fulani, kinasema na yeyote apitaye. *No fumar* (hakuna kuvuta sigara), *No pisar el césped* (hakuna kukanyaga nyasi), *No tocar*: ni Kihispania safi kwenye kibao, na hata Real Academia Española, chombo kinachosimamia lugha hiyo tangu 1713, kinakubali matumizi hayo kwa matangazo ya jumla. Ila kumwambia mtu aliye mbele yako *no tocar* ni kama kumsomea kibao. Ataelewa, lakini utasikika mkavu. Ukitaka kuandika ubao wa mlangoni, andika *No tocar*. Ukifungua mdomo, sema *no toque*, *no toquen*.

Kuna namna ya tatu utakayoisikia kwa nadra, kwenye maneno mazito. Amri Kumi kwa Kiswahili ni "Usiue", "Usiibe". Biblia za Kihispania zinasema *No matarás*, *no hurtarás*, kwa wakati ujao, kama kusema "hutaua, hutaiba". Ni sauti ya mamlaka isiyojadiliwa. Usiitumie kwa watalii.

Kuhusu adabu, kwetu "usi-" tupu kwa mtu mzima huwa na makali kidogo, ndiyo sababu tunatanguliza "samahani" au "naomba". Kihispania *no toque* yenye sauti tulivu si tusi. Hata hivyo *por favor* haijawahi kumdhuru mtu. Ukitaka upole zaidi sema *les pido que no toquen*, nawaomba msiguse. Umeona kitenzi hakikubadilika? Ni *toquen* ileile. Na ukitaka kujijumuisha, "tusi-" yetu ipo: *no hablemos fuerte*, tusiseme kwa sauti kubwa, *no corramos*, tusikimbie. Mimi naiona hiyo ndiyo bora kabisa kwa mwongoza wageni, kwa sababu inamweka mgeni na mwenyeji upande mmoja.

Nakuonya juu ya kitenzi kimoja kwa ajili ya kazi yako. *Coger* huko Hispania ni kuchukua au kushika, na katazo lake, *no cojan*, linasemwa mbele ya watoto bila shida. Mexico na Argentina, kati ya nchi nyingine, neno hilohilo ni la matusi ya chumbani. Kundi likiwa mchanganyiko, lisitoke mdomoni mwako. Tumia *agarrar*, kushika, ni la kawaida, la *-ar*: *no agarren*. Litaeleweka kote.

Vitenzi ambavyo havifuati kanuni ya "mimi" ni vichache mno: *ser*, *estar*, *ir*, *dar*, *saber*, *haber*. Kwako viwili ndivyo vya haraka, *ir* na *dar*. *No vayan solos*, msiende peke yenu. *No den comida*, msitoe chakula. Vinavyobadili irabu ndani ya mzizi, kama *cerrar*, vinafuata "mimi" pia: *cierro*, kwa hiyo *no cierren la puerta*.

Haya, nimekuandikia maneno ya kusema pale lango la Jozani kabla hamjaingia. Yasome kwa sauti mara kadhaa nyumbani, polepole, na kila ukifika kwenye katazo uliza kitenzi ni cha mkia gani.

*Buenos días. Antes de entrar, por favor: no toquen a los monos y no les den comida. No se acerquen demasiado. No griten y no corran. No rompan las ramas y no dejen basura. Si un mono se acerca, no se asusten: quédense quietos.*

Habari za asubuhi. Kabla hatujaingia, tafadhali: msiwaguse kima wala msiwape chakula. Msisogee karibu mno. Msipige kelele wala msikimbie. Msivunje matawi na msiache takataka. Kima akisogea, msiogope: tulieni palepale mlipo.

Angalia *quédense* pale mwishoni. Hiyo ni amri, si katazo, ndiyo maana *se* imerudi nyuma na kubandikwa. Angalia pia *rompan* na *corran*, za *-er*, zimekwenda a, na jirani zao zote za *-ar* zimekwenda e.

Na mkono ukinyooshwa tena, huna muda wa hotuba. Kwa mtu mzima: *¡No lo toque!* Kwa mtoto: *¡No lo toques!*